Usiniite shujaa, njoo uangalie daftari

Jumatatu ya tarehe 4 Januari 2021, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimesimama dirishani kwetu Mtopanga, Mombasa, na kikombe cha chai ya mkandaa, naangalia watoto wa mtaa wakipita na yunifomu zilizokaa kabatini miezi tisa. Suruali zimekuwa fupi, soksi zavutwa zifike na hazifiki. Wangu wawili walikuwa bado wamelala. Shule zilikuwa zimefunguliwa tena baada ya kufungwa kwa korona, na sisi hatukuwarudisha wetu.

Sababu zetu ni zetu na sitaki kuzifanya hadithi ndefu. Mume wangu ni mtu wa hoteli na mwaka 2020 hoteli za pwani zilikuwa zimelala fofofo, karo hakuna, alafu mkubwa wetu ambaye shuleni alikuwa amekwama kabisa kwenye kusoma, ile miezi ya kukaa ndani akaanza kusoma mwenyewe mpaka magazeti ya kufungia viazi karai. Tukasema hebu tujaribu muhula mmoja. Ule muhula mmoja ndo huu mpaka leo.

Ninachotaka kuongelea ni ile asubuhi, manake pale dirishani ndo nilianza kufahamu kitu ambacho naona wengi wanaoanza kusomesha watoto nyumbani hawakifahamu mpaka wachoke. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa ya homskuli na haikujijua. Machi ile Uhuru Kenyatta alipotangaza shule zifungwe kila nyumba ikawa darasa, hata hawa majirani ambao leo waniangalia kwa jicho la pembeni walikuwa wamekaa barazani na redio wakisikiliza vipindi vya masomo vya KICD, wale watu wa mitaala, kwenye KBC, mtoto kando na daftari. Tulikuwa tukiazimana vitabu juu ya ukuta. Mtu akimkuta mwanao anasoma nje basi ni masha'Allah, masha'Allah. Alafu Jumatatu moja tu yote yakaisha, na wala hakuna aliyenikasirikia, hakuna aliyenisema, ni vile tu wenzangu walikuwa wanangojea dhoruba ipite na mimi nimeamua kubaki baharini. Ule ulikuwa msaada wa watu walio kwenye chombo kimoja. Chombo kikifika bandarini kila mtu huchukua mzigo wake akaenda kwake.

Jirani yangu mmoja ndo aliniita kutoka ukutani ilipofika saa mbili. "Mamangu, watoto hawajambo?" Nikamwambia hawajambo. "Au ni karo? Sema tu, tutachanga." Niliona haya siku ile mpaka masikio yakawa ya moto, lakini nikifikiria sa hii, katika watu wote wa mwezi ule yeye ndo peke yake aliyeniuliza kitu chenye jibu.

Watu wakisikia mzazi mgeni wa homskuli yuatafuta kutiwa moyo wanadhani ni maneno matamu ndo yamepungua. Hayajapungua. Maneno matamu yapo ya kujaza lori. Kilichopungua ni mtu wa kuangalia kazi.

Niwape mfano wangu. Wiki ya kwanza nilichora ratiba kwenye manila, rangi nne, saa mbili hesabu, saa mbili na dakika arobaini Kiswahili, kengele ni simu. Jumatano saa nne na dakika ishirini mdogo yuko chini ya meza analia, mkubwa amejaza ukurasa mzima wa hesabu za kutoa na zote amekosa, na mimi niko jikoni nimeshika sufuria tupu sijui nilienda kuchukua nini. Nikaenda kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa homskuli, nilikuwa nimeingizwa siku chache nyuma na mtu wa mtu, nikaandika nimeshindwa, mwanangu hafahamu kitu, nadhani nimemharibia maisha. Nikajibiwa vizuri sana. Usikate tamaa mamii. Wewe ni shujaa. Mungu hakukosea kukupa hao watoto. Mioyo myekundu, mikono ya dua, mmoja akaleta pdf ya kurasa mia na kitu, mwengine akaniambia niwe naamka saa kumi alfajiri nijitafakari kabla watoto hawajaamka. Zilikuwa jibu arobaini na kitu, nilizihesabu, na katika zote hizo hakuna hata mmoja aliyeuliza hesabu yenyewe ilikuwa gani.

Hesabu yenyewe ilikuwa 42 toa 17. Mwanangu ameandika 35. Inayofuata, 63 toa 28, ameandika 45. Na 51 toa 36 ameandika 25. Mimi nilikuwa naona alama za X tu, naona mtoto mvivu, na usiku nikilala naona mama mjinga aliyejitia ualimu.

Wiki mbili baadaye niko Kongowea, Jumanne kama saa nne hivi, nanunua viazi, watoto wako na mimi. Kando kuna mama yuko na mapacha wa miaka minane tisa hivi. Tukaangaliana. Wajua watu wa homskuli hapa kwetu hatuna beji, kinachotutambulisha ni watoto wa umri wa shule sokoni saa nne siku ya kazi na hawauzi kitu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wako pia?" Nikamwambia wangu pia. Yule mama, nitamwita mamake pacha, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajazaa. Nikamwambia mwanangu amekataa hesabu. Hakuniambia mimi shujaa. Aliniambia, "Kesho njoo na daftari."

Nikaenda. Akaufungua ule ukurasa wa X, akakaa nao kama dakika mbili hivi bila kusema, akacheka. "Huyu mtoto hakosei," akasema, "huyu ana kanuni yake. Angalia, kila mahali anatoa kidogo kwenye kikubwa, hata kikubwa kiwe chini. Kwenye mbili toa saba yeye afanya saba toa mbili. Wamfokea bure." Akaingia ndani akatoka na pakiti ya vijiti vya mishikaki na raba bendi, akafunga kumi kumi, akamwekea mafungu manne na vijiti viwili, akamwambia mwanangu nipe kumi na saba. Mtoto akatoa fungu moja, akatazama vile viwili, akatazama mafungu, akatutazama sisi. Alafu mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akachukua fungu akavuta raba, vijiti vikamwagika mezani.

Nilipumua siku ile kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Na hebu tuangalie ni nini hasa kilichonipa pumzi, manake hapa ndo hoja yangu yote ilipo: mtu alinionyesha kuwa nimekosea, akanionyesha nilipokosea, na ni padogo. Hofu ya mzazi mgeni haina mipaka kwa sababu hajui kosa lake lina ukubwa gani. Ukimwambia usijali wamwachia ile hofu vile vile ilivyokuwa, ila umemfungia mdomo, manake sasa akilalamika tena ataonekana hana shukrani. Ukimwambia kosa liko hapa, kwenye kuazima kumi, hofu yaingia ndani ya kijisanduku, yabebeka.

Sasa kwa nini magrupu yetu hayawezi kazi hii? Watu wake ni wazuri, sisemi vibaya. Sababu moja ni rahisi, sifa ni bure, kuangalia daftari la mtoto wa mwenzio kwataka nusu saa na kwataka ujue kitu. Nyengine ni biashara, wacha niseme tu, kuna wanaouza vitabu na kozi mle ndani na mama mwenye wasiwasi ni mteja mzuri kuliko mama aliyetulia. Ndo manake wengi wetu mwaka wa kwanza twakimbilia mitaala ya boksi, ile ya kununua imeshatengenezwa. ACE kwa mfano, Accelerated Christian Education, ule mfumo ulioanzia Texas mwaka 1970, mtoto ana vijitabu 12 kwa mwaka kila somo, ajisahihishia mwenyewe kwa ufunguo wa majibu, akipata asilimia 80 asonga mbele. Siukatai, kuna familia nawajua umewafaa sana na watoto wao wana nidhamu ya kazi kuliko wangu, lakini tukubali kuwa mara nyingi mzazi hanunui vile vijitabu kwa ajili ya yaliyomo ndani. Anunua ile asilimia 80. Anunua sauti ya kumwambia uko sawa.

Ila sababu kubwa kuliko zote, na hii hatuipendi kuitaja hadharani, ni woga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema mtoto lazima ahudhurie shule, na mzazi asiyempeleka bila sababu ya maana ana kosa la kujibu kortini. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 champa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sisi twapenda kusema imeandikwa elimu, haikuandikwa jengo, na ni kweli, lakini ile sheria ya kutekeleza haki hiyo yaongea lugha ya shule na kuandikishwa na kuhudhuria, na mzazi anayefundisha mezani kwake haikumwekea mlango. Mwaka 2019 kuna wazazi kule Kakamega walikamatwa wakashtakiwa kwa jambo hili hili. Kila mtu kwenye grupu ajua habari ile hata kama hajui majina.

Fikiria basi hii yamfanya nini mama aliyeanza jana. Grupuni watu hawaandiki majina yao, picha ya profaili ni ua au msikiti, ukiuliza mtu yuko wapi akujibu "pwani". Pwani! Pwani ni kutoka Vanga mpaka Kiunga, mimi ntakutafuta wapi na daftari langu? Mwalimu wa shule ya msingi aishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na angeweza kunionyesha ile mambo ya kuazima kumi siku ya kwanza, sikuenda, niliogopa atasema. Maktaba ya KNLS mjini niliogopa mwaka mzima kuwapeleka watoto asubuhi, twaenda Jumamosi kama watu wengine tukajibane. Moyo utiwao kwa kunong'onezana haufiki mbali. Anayejua yuko kilomita mbili kutoka kwa asiyejua, na wote wawili wamefunga dirisha.

Na mtihani nao. KPSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi ya 6, ilivyopangwa, asilimia 60 ya alama zatokana na kazi za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, karatasi ya mwisho ni 40. Mtoto ambaye hayuko kwenye shule hiyo 60 yake itatoka wapi? Ndo wengi wetu twaelekea IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa Uingereza, mtoto aingie kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia kituo kinachokubali, na hiyo ni pesa, na pesa ni hadithi nyengine, mume wangu akisikia ada za somo moja moja huenda nje kuangalia kama geti limefungwa.

Lakini nisiwe mnafiki. Sheria ile haikutungwa na wendawazimu. Hapa kwetu tunajua wote mtoto "wa nyumbani" mara nyingi alikuwa nani, ni yule wa kuchota maji, wa kubeba kitoto kidogo mgongoni mama akienda kibaruani, wa kuuza njugu pale kivukoni Likoni, msichana anayengojewa apevuke. Chifu akiona mtoto wa miaka tisa barazani saa nne asubuhi akasimama akauliza, huyo chifu afanya kazi yake, na laiti wangeuliza wengi zaidi. Na kwenye kambi yetu wapo ambao haki ya mzazi kwao maana yake ni asiulizwe na mtu yeyote jambo lolote milele. Nimewahi kukaa na mama mmoja, mwanawe ana miaka kumi na moja na hawezi kusoma sentensi ya maneno sita, nikajaribu kusema taratibu, akaniambia kila mtoto ana wakati wake. Ni kweli kila mtoto ana wakati wake. Ni kweli pia kuna mtoto mwenye shida ya macho ambaye hakuna mtu amemwangalia.

Kwa hivyo mimi kwenye hili sikubaliani na wenzangu wengi. Wao wasema serikali ituachie, tutasaidiana wenyewe. Mimi naona kule kufichwa ndo kunakotunyima msaada, manake mtu asiyeruhusiwa kuonekana hawezi pia kusaidiwa. Afrika Kusini sheria yao ya shule ya mwaka 1996 yamruhusu mzazi kuomba mtoto asajiliwe kusoma nyumbani, na mwaka 2024 wakaibana zaidi, wazazi wakapiga makelele sana. Nasoma yale makelele yao na nawaonea kijicho. Mtu apigana na fomu! Mtu ana ofisi ya kwenda kugombana nayo! Mimi nipeni fomu, niandikeni kwenye kitabu, mwaka mara mbili aje mwalimu akae na wanangu na madaftari yao, na akitoka aniache na orodha ya mabaya. Nitamtengenezea na mahamri.

Na sio kwamba jambo hili ni geni duniani. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza, mwaka 1887 alianzisha chama cha wazazi, na miaka michache baadaye wakawa wanawatumia mama waliosomesha nyumbani ratiba ya muhula kwa posta. Kinachonipendeza mimi zaidi ni kilichorudi: mwisho wa muhula watoto wanaandika majibu ya mtihani, bahasha inafungwa, yaenda Ambleside kule milimani kaskazini ya Uingereza, na kuna mtu huko kazi yake ni kusoma aliyoandika mtoto wa watu ambao hajapata kuwaona. Au John Holt, Mmarekani, aliyekata tamaa ya kuzirekebisha shule akaanzisha jarida dogo Boston mwaka 1977, wakati majimbo mengi sheria ilikuwa haieleweki au iko dhidi ya wazazi kabisa. Humo kulikuwa na barua za wazazi, ndefu, za mambo madogo madogo, mtoto amefanya nini na kitabu gani na amekwama wapi, na kulikuwa na orodha ya familia zilizokubali majina na anwani zao ziandikwe ili wengine wawatafute. Hebu waza ujasiri huo. Kusomesha nyumbani kulikuja kuwa halali majimbo yote 50 kufikia 1993, kwa hivyo ile orodha iliitangulia sheria kwa miaka mingi. Sisi tuna simu mfukoni na hatuna orodha.

Ila kusema kweli sikuhitaji kwenda Boston. Wanangu hawakuacha madrasa hata siku moja, na ilinichukua karibu mwaka kuona kwamba pale mkekani kila siku baada ya alasiri kuna darasa la namna ninayoitafuta. Watoto ishirini na tano, umri kuanzia miaka mitano mpaka kumi na nne, na hakuna anayesoma ukurasa mmoja na mwenzake. Yule yuko alifu, yule amemaliza juzuu ya Amma, yule yuasikiliza mdogo wake kabla hajaenda kwa ustadhi. Hakuna aliye nyuma ya darasa kwa sababu darasa lenyewe halina mbele. Mavyaa wangu akaniambia yeye alisoma hivyo hivyo, kwa loho, ule ubao, waandika wino wasoma waosha, na hakuna aliyefutiwa loho kabla hajasoma yote bila kushikwa. "Nyinyi mwasema mmeanza jambo jipya," akasema, "mmerudi chuoni tu, ila mmemsahau mwalimu."

Ustadhi naye siku moja akaniita pembeni. Nikajua ni ada. Akasema, "Mwanao mdogo yuasoma mbio, watu wamsifu, lakini jicho lake haliko kwenye herufi. Amekariri kwa sikio. Mfunike chini uone." Nikaenda nyumbani nikachukua kitabu chake cha Kiswahili cha Gredi ya 1, kile nilichokuwa nikimrekodi vidio akikisoma nimtumie shangazi yake Dubai, nikafunika picha kwa kiganja. Kimya. Nikafunua picha, akasoma ukurasa mzima bila kosa. Miezi minne nimekuwa nikisambaza vidio za mtoto anayesoma na mtoto hasomi! Nililia kidogo, nikaanza naye ba be bi bo bu upya, na kufikia Ramadhani alikuwa anasoma kweli, pole pole na kwa kukwama, kama mtu anayetembea juu ya mawe.

Huyo ustadhi hajui neno homskuli. Amenitia moyo kuliko grupu zima.

Nyumbani pia kuna hesabu zake. Mume wangu kwa miaka miwili ya mwanzo alikuwa akiniita shujaa mbele ya wageni, na wageni waitikia, na mimi nazunguka na trei ya juisi nikitabasamu. Mtu akishakuita shujaa amekuachia kazi yote, hilo wanawake watanielewa. Siku moja wageni wameondoka nikamwambia sitaki ushujaa, nataka siku yako ya mapumziko iwe ya sayansi, na nataka uangalie madaftari kabla hujalala hata kama umechoka. Alinuna siku tatu hivi. Alafu akaanza na feni mbovu, akaifungua yote sebuleni na watoto, na mpaka leo kuna skrubu moja haijulikani ilitoka wapi na feni yazunguka.

Na mavyaa, niliyekuwa nikimwogopa kuliko chifu, yeye sasa ana Alhamisi yake. Awashonesha kofia za vito, zile za matundu. Mkubwa alikataa ati ni kazi ya kike, akaambiwa babu yako alizishona na akaziuza, na sa hii yuahesabu matundu na kupima duara na kugawa nne nne kuliko mazoezi yoyote niliyompa mimi.

Sisi ambao ni wa karibu tumefikia familia nne. Twakutana Jumatano uani kwa mamake pacha Kisauni, watoto tisa, mabuyu na achari mezani, mara mojamoja twawapeleka Fort Jesus au Haller Park, na ile dhana ya watoto wa nyumbani hawajui kuishi na watu nawaalika mje mkae nao saa moja muombe amani. Lakini wakiwa wanacheza sisi mama tuna kazi, na kuna sharti moja tu, kila mtu alete daftari. Mwanzo lilitushinda. Mwezi wa kwanza sote tulileta yale masafi yenye tiki, tukasifiana, tukala, tukaenda. Mamake pacha akachoka, akatoa la mwanawe lililochanika, la Kiingereza, lina aibu kila mstari, na yeye ndo mwalimu kati yetu, akalibwaga mezani akasema nisaidieni mimi hapa nimeshindwa. Baada ya siku ile mambo yakawa mengine.

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na mama wa Likoni, amepewa namba yangu na mtu. Ameanza muhula huu, ana wa miaka saba na wa mitano. Aliongea kama dakika kumi bila kupumua, ratiba, kengele, jirani, mama yake hamsemeshi, alafu akaniuliza lile swali, "Dada, niambie tu ukweli, nitaweza?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia Jumatano avuke feri na hao watoto, na abebe daftari la hesabu, asilete lile zuri la kuonyesha wageni.

Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika.

"Wewe," akasema, "nani amekwambia nina mawili?"